Mama Amesema na Mkwewe

Attawapiskat,
6 Novemba.

Mpendwa mdogo wangu Loretta,

Pokea salamu nyingi kutoka huku ukingoni mwa mto. Hujambo huko Halifax? Kile kikohozi kimekuachia? Watoto wanakula vizuri? Sisi tunaamka, ila nimepata mshtuko.

Mama amesema na mume wangu. Soma tena kama huamini. Hakupitia kwangu, wala hakuliambia jiko kama kawaida yake, "Jiko, mwambie yule mtu chai imechemka." Amemtazama Gilbert usoni akamwita mkwe. Tangu niolewe hajawahi kumwelekezea neno, wala Gilbert hajathubutu, maana ndivyo sisi Wakrii tulivyolelewa kuheshimu ukwe.

Unajua Gilbert anawakusanyia watoto wa shule maneno ya Kikrii na maana zake kwa Kiingereza. Maneno ya zamani ya mto na mitego amebaki nayo Mama peke yake. Basi Gilbert huniuliza mimi, nami namuuliza Mama, narudisha jibu, wote watatu tuko jiko moja. Nikienda kazini zahanati, kazi yao inalala.

Juzi narudi mchana, nawasikia toka mlangoni. Nikaganda pale na buti miguuni.

"Umeandika nini hapo kwenye mikiskaw?" Mama anauliza.

"Vuli, Mama, majani yanapopukutika." Gilbert kainamisha kichwa, jasho linamtoka.

"Vuli gani? Hiyo imeshapita. Mikiskaw ndiyo sasa, mto unaanza kushika barafu, mtumbwi haupiti na mguu haupiti, watu wanakaa kungoja. Kiingereza hakina neno lake? Basi andika yote hayo. Wino unanunua wewe?"

Nilidhani wamegombana. Nikamwuliza, "Mama, mkweo amekukosea nini hata umvunjie heshima hivi?"

"Hajanikosea. Kaa chini." Kisha akamgeukia yeye, si mimi. "Mkwe, sina tena muda wa kukuheshimu. Andika."

Ndipo akatuambia alichoambiwa na daktari kule Timmins, safari ile aliyotudanganya kwamba amefuata miwani. Ni ini, Loretta, na hawawezi kumpasua. Gilbert aliweka kalamu akalia mbele yake. Mama akamngoja amalize, akaendelea na neno lililofuata.

Alinikataza nisikuambie. Nimemkaidi, na nitakaripiwa mimi.

Shangazi Bertha na Emile wanakusalimu, bado hawajui. Ndege zinatua siku hali ya hewa ikiwa njema, na Muumba akufungulie anga.

Miaka yote nilitamani wawili hawa wazungumze. Sasa wanazungumza kutwa nzima, nami kila neno linanichoma. Njoo angali na sauti.

Ni mimi dada yako, nikupendaye,
Verna