Chaja isiyo na waya na kitambaa cha mama mkwe

Tukuyu, Jumanne usiku

Eti teknolojia. Unailaza simu juu ya kisahani cheusi, inajichaji yenyewe bila waya. Yangu ililala kweli, asubuhi ikaamka imezimika.

Jana nilivua kava, nikabadilisha soketi. Nikakishusha kisahani kutoka juu ya kabati, labda kinaogopa urefu. Wapi! Na Mama yangu amelazwa Tanga, dada akipiga anaambiwa sipatikani. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Leo ndiyo nimeshtuka. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Masoko, amekivisha kisahani kitambaa cha kufuma, kama alivyovisha redio, viti na jagi la maji. Cha sufu, kinene, na ua limesimama katikati kama kabichi. Nimekuwa nikikiona tangu Jumapili! Ila humu ndani kila kitu kina kitambaa, macho yameshazoea. Hongera kwangu, mwalimu wa fizikia.

"Umekipenda, baba?" akaniuliza.

"Sana. Ndaga, mama," nikamshukuru kwa Kinyakyusa changu cha kuokoteza.

Alipoingia jikoni nikakitoa. Simu ikaanza kuchaji palepale, ikawaka. Nikampigia dada, akampa Mama simu. Sauti yake ndogo, lakini anakula. Nilipomweleza kisa kizima alicheka mpaka akakohoa.

"Kirudishe kitambaa cha watu," akasema. "Kwani waya huna?"

Ninao. Nimeupitisha chini ya ua.