Kwa Baba Yetu Elinami, Uliyebaki Elerai na Ngisi Wako

Mwaka umezunguka, Baba, tangu asubuhi ile ya tarehe 26 Desemba 1995 ulipotutoka ukiwa peke yako hapa nyumbani Elerai, na sisi wote tuko Machame tunakula Krismasi.

Watu wakiuliza ulikuwa mtu wa namna gani tunasema ulikuwa mpole. Hukuwa mtu wa kelele. Kiwanda chenu kilipouzwa na wewe ukapunguzwa kazi, wenzako walilalamika mwaka mzima. Wewe ulirudi na mfuko wa bisibisi zako ukamwambia Mama, "Mama Arnold, kesho natafuta fremu ya duka." Ukafungua duka la vifaa vya umeme kule Sokon I, na wateja wakawa wanakuomba upunguze bei, nawe unapunguza mpaka wanaona aibu wenyewe. Chai ulikunywa umesimama. Kwaya uliimba besi, lakini ukifika nyumbani hata kuongea ulikuwa unaongea kidogo kidogo.

Lile tangi la kioo ulilinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anauza vitu vyake arudi kwao. Wenzako walitoka pale na friji na makochi, wewe ukaja na tangi juu ya mkokoteni. Mama alikusubiri mlangoni.

"Baba Arnold, hiyo ni nini?"

"Ya kufugia samaki."

"Mchaga gani anafuga samaki? Hata kula hatuli."

"Wa kuangalia tu."

"Wa kuangalia. Na sisi tutakaa wapi?"

Maana lilimaliza sebule yote. Tukawa tunapita upande upande kwenda jikoni.

Ulienda Tanga kuchukua mzigo wa duka, ukamkuta mvuvi anasafisha mtego wake wa samaki. Alikuwa anabandua mayai meusi yaliyonata pale, kama vishada vya zabibu, anatupa. Ukamwuliza ni ya nini. Akakwambia ni ya ngisi, wale wadogo, ambao hata wakikua hawapiti kidole cha mtu. Ukayaomba. Ukayaleta Arusha kwenye chupa ya chai iliyojaa maji ya bahari, umeipakata njia nzima kama mtoto.

Wale wa kwanza walioanguliwa walikufa wote. Tulikuwa hatujui kwamba mtoto wa ngisi hali kitu kilichokufa. Uliwapa dagaa wa kusaga, ukawapa nyama iliyokatwa kama uzi, wakawa wanaviangalia tu mpaka wakafa na njaa, chakula kiko mbele yao. Siku ile hukwenda kanisani. Ulikaa mbele ya tangi.

Baada ya hapo ukamtafuta Kisioki, dereva wa lori la saruji, akawa anakuletea kutoka Tanga mayai mengine, maji ya bahari kwenye madumu, na ndoo ya uduvi wazima, vile vikamba vidogo ambavyo ukikaa mbali huvioni. Kisioki alikuwa anashusha madumu huku anacheka. "Mzee Elinami, mimi Mmasai nabeba maji ambayo hata ng'ombe hawezi kunywa. Nyumbani wakijua watanifukuza."

Ulitufundisha. Ukasema maji yakipungua kwenye tangi chumvi haipungui, kwa hiyo yanaongezwa ya mvua, siyo ya bahari tena, na siyo haya ya bomba yanayotupaka meno rangi. Ulitufundisha kwamba ngisi akishakua anaweza kula kamba wa barafu, lakini lazima umchomeke kwenye spoku ya baiskeli umtikise polepole aonekane yuko hai. Ngisi anasimama hapo anabadilika rangi, anamtazama, na macho yake yale yana alama kama W. Halafu ghafla anarusha mikono miwili iliyofichwa, pap, kama ulimi wa kinyonga. Hapo ndipo ulipokuwa unacheka kwa sauti, Baba. Ni hapo tu.

Mabaki uliyatoa siku hiyo hiyo ili maji yasioze. Na ulikataza mtu kugonga kioo. Baba mkubwa Aminieli alikuja siku moja akagonga na ufunguo wa gari, tangi lote likawa jeusi.

"Elinami! Hawa wako wanatapika wino!"

"Umewapigia hodi kwa nguvu, kaka."

"Basi wapeleke shule, wana wino tayari."

Alipoondoka ulibadilisha maji mpaka jioni, na hukumwambia kitu.

Wakati wa mgao wa umeme tulipokezana pampu ya baiskeli ili wapate hewa. Mwezi wa saba, baridi ya Meru ikishuka, ulitia maji ya moto kwenye chupa ukaziweka ndani ya tangi, ukalifunika kwa blanketi la wageni. Mama alilalamika sana kuhusu blanketi lile. Lakini tulimwona siku nyingine analirekebisha lilipoteleza, akidhani hatumwoni.

Sasa, Krismasi. Kila mtu anajua sisi Krismasi tunapanda kwetu Machame. Hata aliyeko Mwanza anakuja. Mbuzi anachinjwa kihambani kwa Bibi, kwenye migomba ya ukoo, na kila mtoto wa nyumba ile anatakiwa awepo. Wewe ulishindwa, kwa sababu ngisi anakula kila siku, hawezi kungoja mtu arudi. Krismasi mbili ulitupakia mchele na sukari ukabaki. Bibi alikuwa anahesabu wajukuu getini, halafu anaangalia barabarani.

"Baba yenu?"

"Amebaki na ngisi, Bibi."

"Wadudu," Bibi akasema. "Kwa mwanangu, wadudu wamemzidi mama yake."

Ukaenda Pasaka kumwomba msamaha. Alikupa chakula, lakini hakuongea na wewe mpaka ulipoondoka. Wewe nawe hukujieleza. Ulikula ukasema asante mama, ukarudi.

Mwaka ule wa mwisho, mwezi wa kumi na moja, ngisi wako walitaga. Ulituita wote hata uji ukaungua. "Hawa siyo wa Tanga tena," ukasema. "Hawa ni wazaliwa wa Elerai."

Mama akasema, "Basi wapelekwe wakabatizwe."

Ukapiga hesabu ya siku, ukaona wataanguliwa wakati wa Krismasi. Tukiwa mezani ukasema, na tunalikumbuka kila neno, "Mwaka huu msipande. Krismasi moja tu. Tuwaone wote pamoja wakitoka."

Arnold aliendelea kula. Mwishoni Mama akasema, "Baba Arnold, nitamwambia nini mama yako? Kwamba sasa na wajukuu zake wamechukuliwa na wadudu?"

Ukasema, "Basi nendeni."

Hukurudia tena. Afadhali ungekasirika. Ulitusindikiza mpaka stendi, ukatafuta siti za mbele ili Mama asitapike, ukatununulia karanga. Gari lilipoanza kuondoka ulipunga mkono kidogo, halafu ukageuka haraka, ulikuwa unawahi kuwalisha.

Yaliyofuata tumeambiwa na jirani yetu Mama Lydia. Anasema jioni ya Krismasi alikuwa anaanua nguo akasikia unacheka. Ukamwita dirishani, "Mama Lydia, njoo uone, wametoka!" Akaingia. Anasema walikuwa kama punje za mahindi, lakini tayari wana macho, tayari wanabadilika rangi. Ulikuwa unachota uduvi kwa chujio la chai unawamiminia, nao wanakamata. Alikaa nawe kidogo. Anasema ulisema neno moja tu, "Mama Arnold angewaona hawa."

Asubuhi hukufungua mlango. Mama Lydia aligonga, akaita vijana wakavunja mlango. Ulikuwa umekaa mbele ya tangi. Daktari alisema ni presha.

Mama Lydia alikuja mwenyewe mpaka Machame kutuambia. Alifika bado amefunga kanga ya jikoni, na sisi tulikuwa tumeshika nyama mkononi.

Tulikupeleka kwenu Machame uzikwe. Jeneza lilipoteremshwa kihambani, Bibi alilishika akasema, "Umekuja, Elinami. Sasa ndiyo umekuja." Hakupiga kelele. Lakini wanaume waliokuwa wamesimama kule kwenye migomba ndio walioanza kulia.

Tunataka ujue kilichotokea baada ya kukuzika, kwa sababu hukukisikia na kwetu hatukiongelei.

Mama alikuwa amekaa chini na wanawake. Kwetu mjane hatoki mpaka matanga yaanuliwe, unajua. Bibi alikuwa pembeni. Mara akauliza, "Wale wadudu wake, nani anawalisha?"

Tukatazamana. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewakumbuka.

Baba mkubwa akasema, "Mama, hilo siyo la leo."

"Ni la leo. Si wanakula kila siku? Si ndiyo maana hakuja kwangu? Au mwanangu alinidanganya?"

Mama akasema, "Hakukudanganya, mama. Kweli wanakula kila siku."

"Basi nenda."

"Mama," Baba mkubwa akasema, "mjane anatokaje kabla ya matanga kuisha? Watu watatusemaje?"

"Watasema nimemtuma mimi. Nafasi yake nitakaa mimi. Aminieli, washa gari. Au unataka wale walioninyima mwanangu wafe bure?"

Tulishuka na Mama akiwa na kanga nyeusi. Tulipofika tulimkuta Mama Lydia ameshika chujio la chai. Alishtuka kama mtu aliyefumaniwa. Akasema, "Nisamehe Mama Arnold, sijui kama nafanya sawa. Nafanya nilivyomwona yeye siku ile." Wengi walikuwa wamekufa. Lakini wachache walikuwa hai, Baba. Mama alipiga magoti kwenye maji yaliyomwagika akawaangalia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuwaangalia vizuri, na hapo ndipo alipolia, maana msibani alikuwa hajalia.

Tumewalea. Kisioki hakuacha kuleta madumu, na hatanii tena kuhusu ng'ombe. Mama ndiye anayeshika spoku sasa, hataki tumsaidie. Kuna mmoja alikuwa anamfuata kwenye kioo popote anapokwenda, kutoka kabatini mpaka mlangoni. Mama alikuwa akimwambia, "Na wewe unataka nini, umeshakula." Mwezi wa saba blanketi la wageni tuliliweka kabla ya baridi kuanza.

Uliwahi kutuambia kwamba ngisi hawa maisha yao ni kama mwaka tu, na wakishataga wanaisha. Ni kweli. Wametaga mwezi uliopita, kisha mmoja mmoja wakapauka rangi, wakawa wanaacha kamba anapita mbele yao. Yule wa Mama amekufa wiki iliyopita. Mama alimzika bustanini, hakutaka tumwangalie. Kwa hiyo wale wote uliowaona wakitoka, Baba, hawapo tena. Yamebaki mayai. Yameanza kuwa meupe, ukimulika kwa tochi unawaona wadogo wanajigeuza ndani.

Arnold amepiga hesabu kama ulivyokuwa unapiga wewe. Ni Krismasi.

Mama alimwandikia Bibi kwamba mwaka huu hatupandi. Tulingoja jibu kwa hofu. Halijaja jibu, amekuja Bibi mwenyewe, juzi, na Baba mkubwa nyuma yake amebeba mkungu wa ndizi. Hajawahi kula Krismasi nje ya kihamba chake tangu aolewe.

Hakutaka chai kwanza. Tulimkalisha mbele ya tangi, Arnold akammulikia yai moja. Bibi akaangalia kwa muda mrefu sana.

"Hiki ni nini?"

"Ni yai, Bibi. Mtoto yumo ndani."

"Na mwaka ule yalikuwepo hivi hivi? Mayai?"

"Yalikuwepo, Bibi."

"Na yeye alikuwa anakaa hapa kuyangoja. Peke yake."

Arnold akazima tochi.

Bibi akasema, "Mliniambia wadudu. Mngeniambia ni mayai. Kuku akiatamia, nani anamwita sherehe?"

Mama akasema, "Wewe ndiye ulisema wadudu, mama. Sisi tulinyamaza tu."

Bibi akaitika, "Ehe. Nyote mlinyamaza. Na yeye akanyamaza."

Basi, Baba, Krismasi moja uliyotuomba ndiyo hii. Tuko wote. Tumeipata ukiwa hupo wewe tu.

Ibada ya kumbukumbu itafanyika hapa nyumbani Elerai tarehe 26 Desemba, saa nne asubuhi. Wote waliokufahamu wanakaribishwa, ila tunaomba wasiguse kioo.

Unakumbukwa na mama yako Tabea. Mke wako Ndeshi. Kaka yako Aminieli na familia yake. Watoto wako Arnold na Sia. Jirani yako Mama Lydia. Na rafiki yako Kisioki.

Siku zote utakuwa moyoni mwetu, Baba. Tutakukumbuka, na safari hii hatutanyamaza.