Maji ya Koili

Jumatatu, 10 Machi

Ukungu tangu alfajiri. Zamu yangu getini. Zaburi, uji, geti. Mafundi kutoka Mbeya wamefika mapema, leo wanabadilisha maji ya koili.

Wenyewe wanaiita riakta. Mke wangu, Mama Lusungu, alipolisikia jina hilo aliniambia niache kazi, maana redioni riakta ndiyo ile ya nyuklia. Fundi Ambakisye alicheka sana siku ile. "Baba, hii ni koili tu ya kutuliza umeme wa laini kubwa. Inapata moto, tunaipoza kwa maji. Basi." Lakini hapa Nyololo nani ataamini? Mpaka leo hakuna anayefunga mbuzi karibu na uzio wetu. Wanaogopa ule mngurumo.

Maji ya zamani yamejaza mapipa yote. Yaliyobaki wameyatia kwenye madumu ya njano, wakayapanga nyuma ya stoo. Gari litayafuata. Mafundi wameondoka.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Gari halijaja.

Dada yangu Yusta kaja getini kuomba madumu. Mianzi inatoa ulanzi kwa fujo msimu huu, hana pa kuutia. Nikamwambia ni Kwaresima, afunge kilabu walau mpaka Pasaka. Kanijibu, "Kaka, mianzi haijui Kwaresima." Nimejikaza nisicheke. Mimi mzee wa kanisa, yeye ametengwa Meza ya Bwana kwa ajili ya hiyo pombe, na bado ananichekesha.

Nimempa madumu mawili. Nilitaka kumwaga kwanza, akakataa, akasema atafulia. Nikamwambia sawa, ni salama. Ambakisye alishanisifia maji hayo: yamechujwa, hayana hata chumvi, safi kuliko ya kisima chetu. Maji masafi kuyamwaga ni dhambi.

Ijumaa, 14 Machi

Shemeji Elia, mume wa Yusta, anaumwa. Kutapika, kuyumba, maneno hayaeleweki. Mama Lusungu kasema ni ulanzi tu, atalala utoke. Mimi pia nilifikiri hivyo. Na nilimkasirikia, niandike ukweli. Kwaresima yote hii.

Nampenda Elia. Ananiita Mchungaji wa Nguzo, eti waumini wangu ni nguzo za umeme, hazisinzii wakati wa mahubiri.

Jumamosi, 15 Machi

Si ulanzi. Elia hakojoi tangu jana. Anahema kama aliyepanda mlima. Mzee Kasiani naye vilevile. Mzee yule aligema mianzi tangu ujana wake, ulanzi haujawahi kumlaza. Wote walikunywa kwa Yusta Alhamisi. Wamebebwa kwenda hospitali Mafinga.

Nimeenda kwa Yusta kuchukua shuka za mgonjwa. Dumu moja liko jikoni, limebaki nusu. Nikamwuliza, hujafulia? Akaona aibu. Alichovya kidole akaonja, yakawa matamu. Ulanzi wa juzi ulikuwa umechacha, wateja wananuna, kila mtu anataka mtogwa, ule mbichi mtamu. Akayachanganya ili uchachu upungue.

Maji masafi hayawi matamu. Hata mimi wa darasa la saba najua hilo.

Ubavuni mwa yale mapipa kuna maandishi ya Kiingereza. Nimeyapita kila siku. Sikuuliza.

Nimempigia Ambakisye, simu haipatikani. Nikisema, kazi imekwenda, na Yusta anafungwa. Labda watapona wenyewe. Labda ni kitu kingine. Nimepiga magoti mpaka yameuma. Sijamwambia mtu. Bwana, nionyeshe njia.

Njia naiona. Naogopa.

Jumapili, 16 Machi

Mzee Kasiani amefariki asubuhi.

Habari imenikuta mlango wa kanisa. Sikuingia. Nimepanda gari kwenda Mafinga na suti yangu ya ibada, chupa ya yale maji, niliyopita kujaza stoo, mfukoni. Nimemweleza daktari, binti mdogo tu, yote bila kuficha. Ambakisye kapatikana, nikampa daktari simu. Nimemsikia fundi akipaza sauti huko aliko. Maji yana dawa ya kuzuia yasigande, kwa ajili ya baridi yetu ya Juni. Ni matamu, na ni sumu. Inaua figo.

Daktari hakunigombeza. Kaniuliza nimejua lini. Nikasema jana, mchana.

"Jana ingekuwa afadhali sana, baba."

Basi. Akaenda kwa mgonjwa.

Elia amepelekwa Mbeya leo hii, kwenye mashine ya kuosha damu. Nimeshika machela mpaka gari likaondoka. Hakunitambua.

Jumatatu, 17 Machi

Polisi wamemchukua Yusta. Hakupiga kelele. Alinitazama tu, akamkabidhi Mama Lusungu funguo za nyumba.

Nimeandika maelezo yangu mwenyewe, kwa mkono wangu, kwamba madumu nilitoa mimi na maji nilisema mimi ni salama. Afande akaniuliza kama nina hakika nataka kuandika hivyo. Nina hakika.

Kazini wamenisimamisha. Gari la kufuata madumu limekuja leo.

Jumanne, 18 Machi

Tumemzika Mzee Kasiani. Mvua nyembamba, udongo mzito. Wanaume tunapokezana koleo, ndiyo desturi. Nikasogea, nikangoja zamu yangu. Koleo likapita mbele yangu kwenda kwa mwingine. Likarudi, likapita tena. Hakuna aliyenitukana. Nimesimama na mikono mitupu mpaka wakasimika msalaba.

Njiani watu wanasema riakta ndiyo imeua, mngurumo umeingia kwenye mianzi. Nikawaambia hapana, ni maji niliyotoa mimi. Wakaongeza mwendo. Nadhani wangependa iwe mngurumo.

Jumapili, 23 Machi

Nimemwomba Mchungaji anivue uzee wa kanisa. Akasema tuombe kwanza. Nikasema tuombe nikiwa nimeshavuliwa. Nimekaa benchi la nyuma, karibu na mlango, anapokaaga Yusta tangu atengwe. Baridi inaingia moja kwa moja mgongoni. Miaka yote hiyo sikujua.

Jumamosi, 5 Aprili

Yusta ametoka kwa dhamana. Kesi ipo. Nilikwenda na mahindi na kuni. Alikuwa anang'oa mabua nyuma ya nyumba. Nikamsalimia kwa Kihehe kama tulivyosalimiwa na mama, kamwene. Akaendelea kung'oa. Nikashika mabua upande wa pili. Tukang'oa mpaka shamba likaisha. Nilipoaga ndipo aliposema, hanitazami, "Mimi nilionja kidole tu, kaka. Mbona sikuumwa?"

Nimelia barabarani kama mtoto.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Nakwenda Mbeya kwa Elia. Yusta haruhusiwi kutoka wilayani, ameniomba niende nikae na mume wake Pasaka. Kaniomba. Nimeyashika maneno hayo kama sakramenti, Mungu anisamehe.

Kapika maboga, kayafunga. Kasema nisiyale njiani.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Wodini. Kengele zinasikika toka mjini, sijui za kanisa gani.

Elia amebaki ngozi na macho. Akili imerudi yote. Mashine mara kwa mara, na itaendelea, figo hazijaamka. Wanasema huenda zisiamke. Mkojo hautoki, kwa hiyo na maji hayaingii. Muuguzi kanionyesha kikombe cha plastiki. Hicho ndicho chake cha siku nzima, kidogo kidogo. Nisimhurumie, akasema. Huruma itamjaza mapafu.

Nimemsomea habari ya kaburi tupu. Alifumba macho, nikadhani kalala. Boga hakula, alilinusa tu, akauliza Yusta hajambo? Nikasema hajambo. Nimemwambia yote, ya madumu, na ya ile Jumamosi niliyonyamaza. Alitazama dirishani, mlima umefunikwa na mawingu.

Halafu akasema, "Nipe maji, Mchungaji wa Nguzo."

Nikamimina kidogo kwenye kikombe. Nikampelekea mdomoni. Akageuza uso, akanitazama.

"Onja kwanza wewe."

Sijui kama ilikuwa utani. Nafikiri hata yeye hajui. Nikaonja. Yalikuwa maji. Hayana ladha yoyote. Nikamwinua kichwa, akanywa.