Mstari Ulionyooka Mno

Nyumba za watumishi, chumba cha nne,
nyuma ya maabara.
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mguu umeamkaje? Kile kidonda cha unyayoni kimeanza kufunga mdomo, au bado kinakubishia? Na sukari, unapima au unakisia? Mimi ni mzima, ila siku hizi nafunga droo yangu kwa ufunguo, jambo ambalo sikuwahi kulifanya.

Barua yako imenifikia. Unasema umesikia tunatafuta watu wenye vidonda sugu wa kujaribu dawa yetu, na unataka kuwa wa kwanza kwa kuwa mpwa wako ndiye mpishi wake. Nilicheka, kisha nikaisoma tena. Nisikilize kwanza kabla hujapanda gari.

Dawa yenyewe ni peptidi, yaani kipande kifupi cha protini. Kazi yake ni kutoboa utando wa mafuta unaomfunika kijidudu, avuje afe. Tatizo ni kwamba chembe za mwili wako nazo zimefunikwa na utando wa mafuta, ingawa wa namna nyingine. Kwa hiyo tunatandaza utando mfano wa kijidudu, na mwingine mfano wa mtu, juu ya vioo vilivyopakwa dhahabu nyembamba. Tunapitisha dawa juu na kumulika kwa chini. Dawa ikinasa, mwanga unageuka kidogo na mstari unapanda kwenye skrini. Utando ukichanika na kusombwa, mstari unaporomoka. Wewe fundi saa, usiyeamini saa mpaka uifungue mgongo, ungekipenda kifaa hiki.

Kwa utando wa kijidudu mstari ulipanda ukaporomoka, kama tulivyotaka. Kwa utando wa mtu ulilala tu. Profesa, mkuu wetu, alitupa mkono wa pongezi mmoja mmoja. Mimi roho haikutulia. Dawa kama ile ikipita juu ya mafuta, angalau hugusagusa. Mstari ule ulinyooka mno, kama uliopigwa rula.

Nikamshuku mwenzangu, yule tunayemwita Bwana Taratibu kwa sababu hata kikombe cha chai humchukua nusu saa kukiosha. Kila asubuhi nilimkuta ametangulia, mlango umefungwa kwa ndani, na chupa za dawa haziko nilipoziacha. Nikaanza kutia alama za kalamu kwenye vifuniko. Siku tatu mfululizo nikakuta alama zimegeuka. Nikajisemea, huyu anaizimua dawa kwa maji.

Siku ya nne nikawahi kabla yake, nikakaa ndani. Alipoingia akaniona, hakushtuka. Akavuta kiti akaniuliza polepole, “Dada, ni wewe unayetia maji kwenye dawa?”

Mjomba, nilikosa pa kuuficha uso. Kumbe naye alikuwa ananivizia mimi! Zile asubuhi alikuwa akikagua chupa moja moja, kwa sababu mstari ule ulimkaa kooni na yeye.

Tukaweka mezani kila mtu alichokuwa nacho. Maji hayakuwepo. Dawa ya kupima utando wa mtu peke yake ilikuwa imetiwa kwenye chupa za plastiki za kawaida, na peptidi hii hung'ang'ania plastiki kama kupe. Ilibaki kwenye kuta za chupa, na kilichopita juu ya utando hakikuwa na dawa ya maana. Tukatengeneza mpya, tukaitia kwenye chupa maalumu zisizonasa, tukaipitisha tena. Mstari ukapanda, ukasita, ukaporomoka. Utando wa mtu nao ulichanika.

Sasa kinachoniumiza kichwa. Chupa zile za plastiki zimebandikwa karatasi zenye mwandiko wa Profesa mwenyewe, na ni yeye aliyetuonya, wiki ya kwanza kazini, kuhusu plastiki. Tulipompelekea mchoro mpya aliutazama sana, akaukunja mara nne, akautia mfukoni. Akasema, “Hii tuiache kwanza. Wagonjwa wameshaanza kuandikishwa.”

Kusahau kupo, sikatai. Lakini mtu aliyesahau huomba mchoro, haukunji.

Mimi na Bwana Taratibu tukaiandikia kamati ya maadili, tukasaini wote wawili. Alhamisi wakasimamisha uandikishaji. Profesa bado anatusalimia kwa adabu, tena zaidi ya zamani, na hiyo adabu ndiyo inayonitisha.

Juzi kamati walituita, wakatuonyesha orodha ya walioandikishwa. Jina lako ni la tatu, Mjomba, na mbele yake pana saini. Kwenye barua unasema unataka kuja, husemi kwamba ulikuja. Niambie kweli: ulisaini, au ulisainiwa? Nijibu kwa mkono wako, kwa ule mwandiko wako wa kuku, nisioweza kuuchanganya na wa mtu mwingine. Na kidonda kipeleke kliniki kama kawaida.

Msalimie mkeo, na dada mshonaji, na Bibi, mwambie nakula vizuri. Mungu akufungie kidonda hicho pole kwa pole.

Mpwa wako akupendaye, anayesubiri neno moja tu.