Akina Chacha Marwa wa Nyangoto

Tata yangu mpendwa,

Nimechoka. Naanzia hapo kwa sababu hukupenda mtu wa kuzungukazunguka. Maktaba uliyoniachia hapa Nyangoto sasa iko mtandaoni, nami kwa umri huu nimerudishwa darasani kujifunza kubonyeza. Macho yanauma, mtandao unakatika kila nikikaribia kumaliza, na neno la siri nimelisahau mara tatu wiki hii.

Unakumbuka uliponifundisha kadi zako za wasomaji? Ulikuwa baba nyumbani na bosi kazini, na kazini ulikuwa mkali zaidi. Ukaniambia, "Robi, hapa kwetu jina peke yake halimtaji mtu." Sisi Wakurya tunarithishana majina machache, na wewe ulikuwa na akina Chacha Marwa kumi na saba. Kila mmoja ulimwandikia alama yake: jirani wa fundi baiskeli, mwenye mapacha, yule wa Susuni anayecheka ovyo. Nilikutania kwamba Tata anaweka umbea kwenye makasha ya serikali. Ukanuna mpaka jioni, na chai yangu hukuinywa.

Basi nilipoingiza majina kwenye kompyuta, umbea wako niliuacha, maana hapakuwa na sehemu ya kuujaza. Mashine ikaniuliza kama hao kumi na saba ni mtu mmoja aliyeandikwa mara nyingi, iwaunganishe. Mwalimu aliyetumwa kutufundisha, binti mpole tu wa kutoka mbali, alikuwa ametuambia jina linalojirudia ni uchafu, tusafishe. Mimi ni mzaliwa wa hapa, nilijua. Lakini nilikuwa na njaa na nilitaka kwenda nyumbani. Nikabonyeza ndiyo.

Siku ya tatu akaja mama Chacha, yule mjane ambaye mwanawe alifukiwa kwenye duara, shimo la kuchimbia dhahabu, ulipokuwa bado kazini, watu wakachimba wiki nzima wasimpate. Nilimpa shikamoo, hakuitikia. Alinipa simu nimsomee. Ujumbe ulikuwa umetoka kwetu: Chacha Marwa, kitabu ulichoazima jana kirudishwe baada ya wiki mbili. Aliyeazima ni Chacha mwingine kabisa, mwalimu wa shule. Ila namba iliyobaki baada ya kuunganisha ilikuwa ya mama huyu, kwa sababu mwanawe alikuwa akitumia simu yake.

"Jana mlimwona wapi?" akaniuliza.

Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Nikaelewa kwamba amekuja kumchukua mtoto wake. Tata, sijawahi kuona aibu kama ile. Nilimweleza kwamba kosa ni langu, kwamba hakuna aliyemwona, nikamwomba radhi kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kikurya, na kote haikutosha. Aliketi kwenye benchi la wasomaji.

Halafu akasema nimtoe mwanawe humo kwa wenzake, awe peke yake. Ikabidi nishushe makasha yako, yale ambayo nimeagizwa niyachome mwezi ukiisha. Kadi yake niliiona upesi kwa mwandiko wako: Chacha Marwa, wa mama Chacha mjane, mchimbaji, hunawa mikono kabla ya kugusa kitabu. Chini yake ulikuwa umeandika vitabu alivyoazima. Kilikuwa kimoja tu, cha kilimo cha kahawa, mara nne, na mara ya mwisho alikirudisha siku moja kabla ya duara kuporomoka.

Nilimsomea mama yake. Akaniomba nirudie.

"Tuligombana kwa ajili ya shamba," akasema. "Aliniambia jembe ni la wazee. Kumbe alikuwa anarudi."

Akaomba kadi aishike. Hajui kusoma, lakini aliipitishia kidole mstari kwa mstari, na mimi sikuwa na moyo wa kumwambia ameishika juu chini. Nilimwacha aondoke nayo.

Makasha sijayachoma, na walioniagiza wakija kuuliza sijui nitajibu nini. Nawaingiza upya mmoja mmoja, na alama zako nazibandika kwenye sehemu ya anwani. Leo nimefika Chacha wa sita. Ninakukumbuka mpaka ninakukasirikia. Pumzika, Tata, na sehemu yangu ya mapumziko ichukue wewe, maana mimi bado.

Mwanao,
Robi