Lengo la Nne

3 Januari

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko ndani ya kuta. Mimi ni mzima, ile homa imeniacha, na wasiwasi wangu wote uko kwako. Unakula? Kifua bado kinakubana ukilala sakafuni?

Jana nimefungua karakana. Kabla sijawasha mashine nilichukua chaki nikaandika malengo ya mwaka ukutani, juu ya fuawe la baba, lile pande la chuma la kufulia, mahali ambapo kila anayeingia atayasoma na kunisuta. La kwanza: niachane na mashine ya kukodi, ninunue yangu ya kuchomelea. Hii ya kukodi hunipiga shoti kila mvua ikinyesha. La pili: nikimwambia mteja aje Ijumaa, akija Ijumaa akute geti lake limesimama na limepakwa rangi. Mzee Rangi, anayenipakia mageti, alipolisoma hilo alicheka mpaka akakalia kopo la rangi. "Fundi mkweli! Watu watalipa kiingilio kuja kukutazama." La tatu: madawati ya shule mpya. Mwalimu mkuu anataka kwanza dawati moja la mfano. Miguu ya chuma nitatengeneza mimi, mbao atapiga seremala jirani yetu.

La nne nimeliandika mwisho, kwa herufi ndogo: Kifuu hapati kitu.

Tangu ufungwe kwa kumvunja taya dereva mmoja, Kifuu anatuma genge lake kila mwisho wa mwezi kuchukua pesa wanazoziita "za ulinzi". Siku hizi anakuja kijana mmoja wanamwita Kicheko, maana hucheka hata akivunja kioo cha mtu. Mtaa mzima unatoa. Mimi nimechoka kumfuga paka anayenilia vifaranga. Duka linalotoa kila mwezi kwa watu wasiofanya kazi haliwezi kukua, hata uandike malengo mpaka chaki iishe.

Niombee.

Dada yako


20 Januari

Shikamoo dada,

Mimi sijambo, kifua kimetulia, uji ni mwepesi lakini unashuka. Msalimie Mzee Rangi, mwambie nimecheka peke yangu mpaka nyapara wa selo akaniuliza kama nimeugua.

Malengo matatu nimeyapenda. Hilo la pili likifanikiwa, mafundi wenzako watakufukuza kwenye mtaa kwa kuwaharibia jina.

La nne lifute. Chukua kitambaa cha maji, ulifute leo hii. Humu ndani watu wa Kifuu wamo, tunakunywa nao uji ndoo moja. Juzi walimshika mmoja aliyewajibu vibaya, wakamsukumiza uso kwenye pipa la maji ya moto la jikoni. Waliporudi walikaa kula kama watu waliotoka kufua. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Toa, dada. Ukue polepole, lakini ukue ukiwa hai.

Mdogo wako


9 Februari

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Mimi nipo, naandika nimesimama kwa sababu mgongo hauwezi kuegemea kitu.

Walikuja mchana, jua la utosi, mtaa umejaa watu. Kicheko na wenzake wawili. Nilikuwa napinda nondo kwenye makaa.

"Dada fundi, mwezi huu umetusahau," akasema, anacheka.

"Sijawasahau. Sitoi."

Akasogea ukutani akasoma malengo yangu kwa sauti, moja moja, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele. Alipofika la nne akapiga makofi. "Jamani, tumeandikwa!" Kisha akaokota kipande cha nondo, akageuka, na hakunipiga mimi. Alimpiga Mzee Rangi, usoni, akiwa amekaa na brashi mkononi. Nilisikia mfupa.

Ile nondo yangu ilikuwa nyekundu mpaka katikati. Niliitoa kwenye makaa nikambandika nayo kwenye kiganja. Sikumgusa tu, mdogo wangu, nilikandamiza. Ngozi ililia kabla hajalia yeye. Ndiyo mara ya kwanza nimeona uso wake bila kicheko, na ni uso wa mtoto wa mtu, wa kawaida kabisa.

Wenzake walinilaza chini wakanichapa mgongoni kwa nyaya za mashine, hadi mashine yenyewe ikang'oka. Dawati la mfano wamelivunja. Rangi yote wamemwaga. Majirani walifunga milango. Nilikuwa naona miguu yao chini ya mbao za milango.

Jicho la kushoto la Mzee Rangi limekwenda. Daktari alilitoa bila kuuliza. Mzee ananiambia alilobaki nalo linatosha, mageti hayapakwi kwa macho mawili. Nilitoka nje nikalia huko.

Dada yako


24 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua hii haikupita mezani kwa afande. Imetoka na mtu aliyemaliza kifungo chake. Ukiisoma, ichome.

Nimepiga ukuta hadi vidole vimefura. Sasa sikiliza. Humu yumo mtu mmoja mwenye kisasi chake na Kifuu, na anao watu huko nje. Nimemweleza habari ya mgongo wako na jicho la mzee. Anasema likitoka neno moja tu, Kifuu ataokotwa mtaroni, na huyo Kicheko pamoja naye. Hadai malipo yoyote. Wewe andika "ndiyo" mwishoni mwa barua ijayo, hata kama barua nzima inazungumzia mvua. Mengine hutayasikia.

Najua utasema nini. Lakini nililokuambia kwanza lilikuwa kubusu mkono, nao umekuchapa. Sasa tuukate.

Mdogo wako


12 Machi

Mdogo wangu,

Mimi ni mzima, makovu yanawasha, ndiyo dalili ya kupona. Wewe vidole vyako vipake chumvi.

HAPANA. Nimeandika kwa herufi kubwa usije ukasema hukuliona.

Sitaki geti langu lisimame juu ya maiti ya mtu. Tena nimepata njia nyingine. Seremala alikuja akiwa na aibu ya siku ile. Alisema, "Nilikuwa nyuma ya mlango, dada. Nilikuwa na randa mkononi na sikutoka." Akaita watu kwake: fundi baiskeli, mama wa magodoro, msaga nafaka na wengine wa mtaa wetu. Tulikaa juu ya mbao, tukanong'ona kama wezi.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," seremala akasema. "Wakiingia kwa mmoja, apige chuma. Sote tutoke."

"Na wakija na bunduki?" fundi baiskeli akauliza.

"Wanazo risasi za mtaa mzima?" seremala akamjibu.

Mimi nikasema, tunatoka ili watuone sura tu. Waone kwamba tumekuwa wengi. Hakuna kupiga mtu. Nikawauliza mmoja mmoja, kila mtu akaitikia. Seremala aliitikia kwa sauti kuliko wote.

Nimepata mashine nyingine ya kuazima. Dawati la mfano tunalitengeneza upya. Mwisho wa mwezi watakuja.

Usifanye lolote huko. Naapa, ukifanya, sitakuandikia tena maisha yangu yote.

Dada yako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Hukujibu. Sijui kama u mzima au umekasirika. Naandika hivyo hivyo, sina mwingine wa kumwambia.

Walikuja wiki iliyopita, safari hii Kifuu mwenyewe, kwa gari, na Kicheko amefungwa kitambaa mkononi. Waliingia kwangu. Nikachukua nyundo nikapiga fuawe.

Wametoka wote. Hata ambao hawakuja kwenye mkutano walitoka. Njia ilijaa toka ukuta hadi ukuta. Kifuu alitazama huku na huku. Akarudi kwenye gari kinyumenyume. Tulikuwa tumeshinda, mdogo wangu. Laiti pangeishia pale.

Gari liliondoka kwa pupa, likamgonga mama wa magodoro kwenye nyonga, likamwacha Kicheko. Alikimbilia mlango wa gari lililokuwa limeanza kuondoka, mkono mbovu ukateleza, akaanguka kifudifudi. Mama wa magodoro alipiga ukelele. Ukelele ule ndio uliofungua mlango wa jehanamu.

Walianza kwa mateke. Kisha mawe. Watu ninaowajua, wanaonisalimia kila asubuhi na kuniuliza nimeamkaje. Nilipasua njia nikamlalia juu. Nilisema ni mimi, ni mimi, acheni. Mateke yaliyokuwa yake yakawa yangu. Mbavu zangu mbili zimevunjika. Alikuwa chini yangu, mdomo wake umejaa mchanga na damu, ananiambia sikioni, "Dada fundi, waambie basi. Waambie inatosha." Alinishika nguo kwa mkono ule ule niliouchoma.

Walinivuta miguu. Nilipogeuka nilimwona seremala amesimama juu yake na nyundo. Nikamwita kwa jina lake. Alinitazama. Alinitazama vizuri kabisa, kisha akaishusha kichwani kwa Kicheko. Mara ya pili sikutazama.

Askari walipofika kila mtu alikuwa ndani ya duka lake anafanya kazi. Hakuna aliyeona. Mimi nilikuwa hospitali, nikasema nilikuwa nimefumba macho.

Jana amekuja mama yake Kicheko. Ni mfuaji nguo, mikono imechanika kwa sabuni. Hakulia wala hakutukana. Alikaa kwenye kopo la Mzee Rangi akaniuliza, "Nimeambiwa wewe ulimlalia mwanangu. Basi ulikuwa karibu. Ni nani aliyemuua?"

Nikamwambia sijui. Akasema, "Haya," akaenda. Leo amekuja tena, akakaa pale pale.

Kifuu hajatuma mtu. Lengo la nne limetimia na siwezi kuutazama ukuta. Nifanye nini?

Dada yako


25 Aprili

Shikamoo dada,

Sikukasirika. Nilimwambia yule mtu humu kwamba neno ni hapana, na hakulipenda. Nililazwa zahanati, sasa natembea. Usiniulize zaidi.

Kuhusu swali lako: nyamaza. Nakuomba kama mtoto anavyomwomba mama. Seremala ni mtu mwema aliyefanya jambo baya mchana mmoja. Ana watoto. Alikutetea. Ukimtaja, mtaa utakula nyama yako, maana wote wana damu viatuni na wataona kesho utawataja na wao.

Na kuna la pili. Watu wa Kifuu humu wameshasikia Kicheko amekufa vipi. Wanasubiri. Yeyote atakayeletwa kwa kesi hiyo, wameshampangia. Humu hakuna wa kupiga fuawe, dada. Ukimtaja, unamchinja.

Mwambie yule mama pole, umpe na kitu.

Mdogo wako


16 Mei

Mdogo wangu,

Salamu. Pole kwa zahanati. Nilisoma barua yako mara nyingi, na kila neno lilikuwa la kweli, ila sikuweza kulitii.

Yule mama hakuacha kuja. Hanisemeshi. Anakaa, ananitazama nikichomelea bila kukinga macho, mwanga wote ule. Nikamwambia, mama, utapofuka. Akasema, "Na nikiona, nione nini?"

Siku hiyo nilikwenda kwanza kwa seremala. Sikutaka akamatwe kama kuku. Alikuwa anapiga randa.

"Nakwenda kusema," nikamwambia.

Aliendelea mpaka ubao ukafika mwisho. "Nilitoka kwa ajili yako, dada. Ulinung'unika kwamba hatukutoka, nikatoka."

"Najua. Nilikuita kwa jina."

"Nilikusikia." Akafuta vumbi kwenye ubao. "Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Nilikusikia vizuri." Kisha akaniambia niende upesi kabla hajabadilika akanizuia, maana nyundo ilikuwa karibu na alikuwa anaiogopa.

Nikaenda kwa askari, nikasema niliyoyaona, nikatia sahihi. Nikaenda kwa mama yake Kicheko nikamwambia kwa mdomo wangu. Alinishika mkono, akaniachia, akafunga mlango.

Mtaa umenihukumu. Nimepigwa jiwe kisogoni, nimeshonwa. Mlango wa karakana umepakwa kinyesi. Mwalimu mkuu amempa mwingine madawati, hataki watoto wake wakalie ugomvi. Mzee Rangi peke yake ndiye anayekuja, anakaa upande wa jicho zima, anatazama njia kwa niaba yangu.

Wanampeleka seremala huko kwenu. Sijui nikuombe nini.

Dada yako


11 Juni

Shikamoo dada,

Natumaini kisogo kimepona na Mzee Rangi hajambo.

Seremala ameletwa juzi. Wamemleta selo yetu hii hii. Alisimama mlangoni na blanketi lake, amekonda, akawa haelewi akae wapi, maana kila alipoinama watu walinyoosha miguu. Watu wa Kifuu walikuwa wanamtazama. Mmoja wao alikuwa ananoa mpini wa kijiko sakafuni, taratibu, wala hakuficha.

Nilikuwa nimekukasirikia, dada. Sikufichi. Nilipoisoma ile barua nilisema, basi na achinjwe, ni shauri lake.

Kisha seremala akaniona. Akanijua. Akasema mbele ya wote, "Wewe ndiye mdogo wake?" Nikasema ndiyo. Nikadhani atanitemea mate. Akasema, "Dada yako alikuja kuniambia kabla. Hakuna mtu mwingine ambaye angekuja kuniambia."

Nikamwita. Nikampa nafasi yangu, ile ya pembeni ya ukuta ambako hakuna anayeweza kukufikia bila kumkanyaga mwenzako. Yule wa kijiko akaniuliza kama najua ninachokifanya. Nikamwambia najua.

Seremala amelala sasa hivi, anakoroma kama msumeno. Mimi nimehamia upande wa mlango.

Mdogo wako