Makapi ya Mtama

Jumatatu, 7 Juni 1971
Baada ya sala nilipeleka mtama mashineni. Usikobolewe, usichekechwe: ndivyo alivyoagiza daktari kwa ajili ya mke wangu, Mama Yosefu, ambaye tumbo lake limefunga tangu Pasaka. Alinieleza kwa subira. Makapi ya mtama hayayeyuki; husukuma. Utelezi wa mlenda hulainisha. Kunde na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, vina yote mawili. Na maji mengi juu ya vyote. Wanawake pale mashineni walinicheka waziwazi.

Jumatano, 9 Juni
Agnesi, mdogo wake Mama Yosefu, alileta uji mweupe, kama ilivyo desturi yetu kwa mgonjwa: unga uliochekechwa mpaka ukawa kama vumbi. Niliurudisha. “Shemeji,” akasema pale mlangoni, “na kuku wako watakula nini, ikiwa pumba zote anapewa dada yangu?” Mama Yosefu alicheka. Kisha akageuzia uso ukutani. Alikuwa ameutamani ule uji. Nilimwona.

Ijumaa, 11 Juni
Tumbo limevimba. Ametapika ugali wote. Naogopa.

Jumamosi, 12 Juni
Hospitali. Daktari alipapasa kwa muda mrefu. Kuna uvimbe ndani ya utumbo, na umekwisha kufika kwenye ini. Upasuaji hautafaa kitu. Njia imekuwa nyembamba. Makapi, kunde, michembe, vyote sasa ni hatari, vitaziba. Apewe vyepesi tu, arudi nyumbani. Aliniomba radhi kwamba hakuugundua mapema. Nilimjibu kwa adabu. Moyoni nina hasira, na bado sijaitubu.

Jumapili, 13 Juni
Sikuongoza ibada. Mara ya kwanza tangu niwe katekista.

Jumatatu, 14 Juni
Nilikwenda mwenyewe kwa Agnesi kuomba uji. Aliinjika sufuria, kisha tukaupeleka uji pamoja. Mama Yosefu alikunywa vijiko vichache. “Hiki ndicho chakula, Baba Yosefu. Kile chako kilikuwa cha malipizi ya dhambi.” Tulicheka sote watatu, kisha Agnesi akatoka nje kulia.

Alasiri Mama Yosefu alitaka kusikia Injili ya siku. Nilisoma. Katikati ya sura usingizi ukamchukua. Niliendelea kusoma kwa sauti ileile, nisije nikamwamsha kwa kunyamaza.